Kunawa, Kuosha, Kuoshana: Historia ya Maana ya Kuosha Miguu katika Mapokeo ya Kiyahudi na ya Kikristo

1.0 Utangulizi

Wakristo wengi wanalifahamu tendo la kuosha miguu kupitia ibada ya Alhamisi Kuu, ambapo kasisi huinama mbele ya waumini kumi na wawili akiwa na beseni, jagi na taulo. Mahubiri ya siku hiyo kwa kawaida huegemea neno moja, yaani unyenyekevu. Ufafanuzi huo si wa kupotosha, lakini ni mfupi mno kwa tendo lenye historia ndefu kiasi hiki. Hautuelezi kwa nini Petro alikataa kuoshwa na mwalimu wake. Hautuelezi kwa nini walimu wa Kiyahudi waliona haja ya kubainisha ni nani asiyeweza kuamriwa kuosha miguu ya mwingine. Wala hautuelezi kwa nini sinodi ya Elvira, mwanzoni mwa karne ya nne, iliwakataza makasisi kuwaosha miguu wabatizwa, ilhali Mtaguso wa 17 wa Toledo, katika rasi ileile ya Iberia mwaka 694, uliagiza maaskofu wasioosha miguu siku ya Alhamisi Kuu waadhibiwe.

Makala haya yanajenga hoja kwamba maana ya kuosha miguu haikuwahi kukaa katika maji wala katika miguu yenyewe. Ilikaa katika uhusiano kati ya anayeosha na anayeoshwa, na hasa katika maswali mawili: je, anayeosha amelazimishwa au amejitolea? Na je, anayeoshwa leo anawajibika kuosha kesho? Kiswahili kinatupatia nyenzo nzuri ya uchambuzi. Mtu hunawa mwenyewe. Huosha miguu ya mwenzake. Na watu huoshana. Vitenzi hivi vitatu vinawakilisha mahusiano matatu tofauti ya kijamii, na mjadala ufuatao umepangwa kwa kuyafuata.

2.0 Kunawa: Maji ya Mgeni na Maji ya Kuhani

Katika masimulizi ya kale ya Biblia ya Kiebrania, maji ya miguu ni sehemu ya ukarimu. Abrahamu anawapa maji wageni watatu chini ya mti (Mwanzo 18:4), na Loti anawaalika wageni wake kunawa kabla ya kulala (Mwanzo 19:2). Mtumishi wa Abrahamu anapewa maji pamoja na wenzake nyumbani kwa Labani (Mwanzo 24:32), nao ndugu za Yusufu wanapewa na msimamizi wa nyumba yake (Mwanzo 43:24). Desturi hii ilitokana na mazingira: watu walisafiri kwa miguu, wakiwa na viatu vya wazi, katika nchi yenye vumbi kwa sehemu kubwa ya mwaka.

Jambo ambalo wafafanuzi wengi hulipita haraka ni kwamba katika masimulizi yote haya mwenyeji hutoa maji, lakini mgeni hunawa mwenyewe. Abrahamu anakimbia kuandaa mikate na ndama, wala hasimuliwi kushika miguu ya mtu. Ukarimu ulimtaka mwenyeji atoe maji, kivuli na chakula; haukumtaka ajishushe hadhi. Kwa hiyo, si sahihi kusema kwamba Yesu alitenda tu yale ambayo kila mwenyeji wa Kiyahudi alipaswa kuyatenda.

Kundi la pili la matini linahusu utakaso. Kitabu cha Kutoka (30:17-21) kinaagiza birika la shaba liwekwe kati ya hema ya kukutania na madhabahu, ili Haruni na wanawe wanawe mikono na miguu kabla ya kuhudumu, wasije wakafa. Agizo hili liliendelea kuongoza ibada katika Hekalu la Yerusalemu. Kwa mujibu wa Mishna (Yoma 3:3), katika Siku ya Upatanisho kuhani mkuu alijizamisha majini mara tano na kutakasa mikono na miguu mara kumi. Talmudi ya Babeli (Zevahimu 19b) inaeleza hata mkao wake: kuhani aliweka mkono wa kulia juu ya mguu wa kulia na mkono wa kushoto juu ya mguu wa kushoto, ndipo akatakasa. Makuhani walihudumu bila viatu. Vilevile, Mishna (Berakhoti 9:5) inamkataza mtu wa kawaida kuingia katika Mlima wa Hekalu akiwa na fimbo, viatu, mkoba wa fedha au vumbi miguuni.

Hapa pia kitenzi ni kunawa. Kuhani anajiandaa mwenyewe mbele ya Mungu. Baada ya Warumi kuliangamiza Hekalu mwaka 70, utakaso wa miguu kwenye birika ulikoma, lakini alama yake haikufutika. Hadi leo, kabla ya baraka ya kikuhani katika sinagogi nyingi, Walawi huwamiminia makuhani maji mikononi, na makuhani huvua viatu kabla ya kusimama mbele ya watu.

3.0 Kuosha: Mpaka kati ya Utumwa na Heshima

Hali hubadilika mtu anapoosha miguu ya mwenzake. Abigaili, anapoposwa na Daudi, anajibu kwa kujiita mjakazi aliye tayari kuosha miguu ya watumishi wa bwana wake (1 Samweli 25:41). Mjane wa mtu tajiri anajiweka chini ya watumishi. Nguvu ya kauli yake inatokana na jambo ambalo kila msikilizaji alilijua: kuosha miguu ya mwingine ilikuwa kazi ya aliye chini kabisa.

Walimu wa Kiyahudi wa karne za kwanza baada ya Kristo walilishughulikia jambo hili kisheria. Mekilta ya Rabi Ishmaeli, ambayo ni mkusanyo wa ufafanuzi wa kitabu cha Kutoka, inapojadili mtumwa wa Kiebrania (Kutoka 21:2) inaeleza kwamba bwana wake hana haki ya kumtaka amwoshe miguu, amvike viatu, wala ambebee vyombo vyake kwenda bafuni. Msingi wake ni agizo la Walawi 25:39 kwamba ndugu aliyeuzwa kwa sababu ya umaskini asitumikishwe kitumwa. Hata hivyo, matini hayohayo yanaongeza kwamba mwana anaweza kumtendea baba yake mambo hayo, na mwanafunzi anaweza kumtendea mwalimu wake.

Kifungu hiki ni ufunguo wa mjadala wetu. Tendo ni lilelile, lakini anapolitenda mtumwa kwa amri ni udhalilishaji, na anapolitenda mwana kwa hiari ni heshima. Talmudi ya Babeli (Ketuboti 61a) inaliweka tendo hili pia katika ndoa: hata mke aliyeleta wajakazi wa kutosha kumwondolea kazi zote za nyumbani, bado ndiye anayemjazia mumewe kikombe, anayemtandikia kitanda na anayemwosha uso, mikono na miguu. Katika muktadha huo, kuosha kumehesabiwa kuwa tendo la ukaribu ambalo halikabidhiwi kwa mtu mwingine.

Uadilifu wa kitaaluma unatudai tuseme pia kwamba kinga ya Mekilta ilikuwa na mpaka. Ilimlinda mtumwa wa Kiebrania. Mtumwa wa mataifa mengine hakuwemo. Aidha, mke hakuwa na uhuru uleule aliokuwa nao mwanafunzi. Kwa hiyo, matini haya hayakuufuta udhalilishaji. Yalichofanya ni kubainisha nani asiguswe nao, na kwa kubainisha hivyo yalikiri waziwazi kwamba upo.

Simulizi moja katika Talmudi ya Yerusalemu (Pea 1:1) inalifikisha suala hili mahali pagumu zaidi. Mama yake Rabi Ishmaeli aliwaendea wenye hekima kulalamika kwamba mwanawe hamheshimu. Walishangaa, kwa kuwa mwana huyo alisifika. Mama akaeleza kwamba kila anaporudi kutoka nyumba ya mafunzo, yeye hutaka kumwosha miguu na kuyanywa maji yake, lakini mwana anakataa. Wenye hekima waliamua kwamba amwache mama atende, kwa kuwa matakwa yake ndiyo heshima yake. Mwana alidhani anamheshimu mama kwa kumzuia asijishushe. Akafundishwa kwamba mtu anaweza kumnyima mwenzake heshima kwa kukataa kupokea huduma yake.

4.0 Beseni katika Karamu: Yohana 13

Injili ya Yohana inaeleweka vizuri zaidi ikisomwa katika ulimwengu huo. Talmudi ya Yerusalemu ilikusanywa karne kadhaa baada ya Injili, hivyo makala haya hayadai kwamba Yohana aliitegemea simulizi ya Rabi Ishmaeli. Yanadai tu kwamba matini yote mawili yanakabiliana na swali moja: ifanyike nini pale mkubwa anapochagua kushika miguu ya mdogo?

Mambo manne yanastahili kuzingatiwa. Kwanza, Yesu haoshi miguu wageni wanapoingia, bali katikati ya chakula, baada ya kuinuka na kuweka kando mavazi yake. Wakati huo haukuwa wa ukarimu wa kawaida. Kwa hiyo walioketi walilazimika kulitazama tendo kama ishara. Pili, utaratibu ambao Mekilta inautambua umegeuzwa. Badala ya mwanafunzi kumwosha mwalimu, mwalimu anawaosha wanafunzi, naye haachi kuwa mwalimu, maana katika mstari wa 13 na wa 14 anakithibitisha cheo chake. Tatu, Petro anakataa kwa sababu inayofanana na ile ya Rabi Ishmaeli, yaani anataka kulinda heshima ya aliye juu yake. Naye anaambiwa kwamba kukataa huko kutamtenga na mwalimu wake. Nne, kwa mtiririko wa simulizi Yuda angali mezani. Miguu ya msaliti iliingia katika beseni hilohilo.

Wataalamu wamegawanyika kuhusu maana ya msingi ya kifungu hiki. Wapo wanaokiona kuwa mfano wa unyenyekevu, na wapo wanaokiona kuwa ishara ya utakaso. John Christopher Thomas, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1991, alitetea upande wa utakaso, akihusisha tendo hili na ondoleo la dhambi baada ya ubatizo. Msingi mmojawapo wa mjadala ni mstari wa 10, ambapo Kigiriki hutofautisha kitenzi cha kuoga mwili mzima na kitenzi cha kuosha sehemu ya mwili. Augustino alikwisha kuufasiri mstari huo kwamba aliyebatizwa ameoga, lakini bado anakanyaga dunia kila siku, hivyo anahitaji kuoshwa miguu.

Msomaji wa Kiswahili anakutana na mjadala huu ndani ya lugha yake. Tafsiri ya Muungano ya mwaka 1952 inatumia kitenzi kutawadha katika Yohana 13, ilhali Biblia Habari Njema inatumia kuosha. Kutawadha ni neno lenye asili ya Kiarabu ambalo katika jamii ya Waswahili linahusishwa kwanza na udhu, yaani kujitakasa kabla ya sala, ambako kuosha miguu ni mojawapo ya hatua zake. Kwa hiyo, tafsiri ya kwanza inamsogeza msomaji karibu na birika la makuhani, na ya pili inamsogeza karibu na kazi ya mtumishi. Hata hivyo, kutawadha kwa maana ya udhu ni tendo ambalo mtu mzima hujifanyia mwenyewe. Anayetawadhwa na mwingine kwa kawaida ni mgonjwa au asiyejiweza. Kwa bahati, uteuzi huo wa neno unaibua jambo lililomsumbua Petro: kukubali kuwa asiyejiweza mbele ya mtu anayemheshimu.

5.0 Kanisa la Kale: Sakramenti au Desturi Njema?

Ushahidi wa mapema nje ya Injili unatoka katika 1 Timotheo 5:10, ambapo mjane anayeandikwa katika orodha ya kanisa anatakiwa awe amewahi kuwaosha watakatifu miguu. Tendo limewekwa kati ya kuwakaribisha wageni na kuwasaidia wenye dhiki. Yaani, ni matendo ya huruma, si ibada ya madhabahuni. Inafaa pia kutambua kwamba mzigo huo umetajwa kwa wanawake.

Kufikia karne ya nne baadhi ya makanisa yalikuwa yameliunganisha tendo hili na ubatizo. Kanuni ya 48 ya sinodi ya Elvira ilikataza desturi hiyo. Huko Milano, Ambrosi, aliyekuwa askofu kuanzia mwaka 374 hadi 397, aliitetea. Katika mafundisho yake kwa wabatizwa wapya alikiri kwamba Kanisa la Roma halikuwa na desturi hiyo. Alijua pia kwamba wapo waliosema tendo hilo liachwe liwe la kuwakaribisha wageni tu. Jibu lake lilikuwa kwamba unyenyekevu ni jambo moja na utakatifuzo ni jingine, na kwamba Kanisa la Milano nalo lina akili ya kutambua lililo jema. Karibu na mwaka 400, Augustino alimwandikia Januario kwamba baadhi ya makanisa yalikataa kuosha miguu yasije yakaonekana kuongeza kitu juu ya ubatizo, na mengine yaliihamishia siku tofauti ili kuepusha mkanganyiko huo.

Mjadala huu ulihusu jambo zito. Kama kuosha miguu ni sakramenti, basi ni mali ya kasisi na hutolewa mara moja. Kama ni desturi ya upendo, basi ni wajibu wa kila muumini na hauna mwisho. Roma haikuiingiza katika ubatizo. Kwa uamuzi huo iliulinda ubatizo, lakini pia iliacha wazi swali la mahali ambapo wajibu wa kila muumini ungetimizwa.

6.0 Watawa na Wafalme

Jibu moja lilitoka katika nyumba za watawa. Kanuni ya Benedikto, ya karne ya sita, inaagiza katika sura ya 53 kwamba abati pamoja na jumuiya yote waoshe miguu ya wageni wote, na kwamba maskini na mahujaji wapewe uangalifu wa pekee, kwa kuwa tajiri hupata heshima bila kusaidiwa. Sura ya 35 inaeleza utaratibu wa ndani: siku ya Jumamosi, mtawa anayemaliza zamu ya jikoni pamoja na anayeipokea huosha miguu ya wote. Kwa kuwa zamu ilizunguka, kila aliyeoshwa wiki hii angeosha wiki nyingine. Utaratibu wa zamu ulizuia kazi hiyo isiwe ya mtu mmoja wa chini.

Jibu la pili lilikuwa la watawala. Neno la Kilatini mandatum, yaani amri, lilitumika kuitaja ibada hii, na ndilo asili ya jina ambalo Waingereza huita Alhamisi Kuu. Wafalme wa Ulaya waliosha miguu ya maskini siku hiyo na kuwapa nguo, chakula na fedha. Maelezo ya William Lambarde kuhusu ibada ya Malkia Elizabeth wa Kwanza huko Greenwich yanaonyesha jinsi tendo lilivyobadilika. Maskini 39 walioandaliwa, idadi inayolingana na umri wa malkia, walioshwa kwanza na mhudumu wa kufulia nguo, kisha na makasisi wagawa sadaka, ndipo malkia alipopiga magoti. Miguu aliyoigusa ilikwisha kuwa safi.

James wa Pili, aliyetawala kuanzia mwaka 1685 hadi 1688, ndiye mfalme wa Uingereza anayetajwa kwa kawaida kuwa wa mwisho kuosha miguu hiyo kwa mikono yake. Baadaye maji yaliondolewa kabisa. Hadi sasa mtawala hugawa sarafu maalumu, na maofisa wa ibada bado hujifunga taulo za kitani ambazo hazimfuti mtu. Kasoro ya ibada hiyo ya kifalme haikuwa ukosefu wa unyenyekevu wa nje, kwani mfalme alipiga magoti kwelikweli. Kasoro ilikuwa kwamba maskini hakuwahi kuiosha miguu ya mfalme kama mwenzake, wala kesho yake uhusiano wao haukubadilika.

7.0 Kuoshana: Wajibu wa Pande Mbili

Amri ya Yohana 13:14 imejengwa kwa kauli ya kutendana. Wanafunzi hawakuagizwa kumrudishia mwalimu huduma yake, wala kumteua mmoja wao awe mwoshaji wa kudumu, bali kuoshana. Baadhi ya makanisa yaliyotokana na Matengenezo yaliichukua kauli hiyo kama ilivyo. Ungamo la Dordrecht la mwaka 1632, la Wamenno, lina kifungu cha 11 kinachohusu kuosha miguu ya watakatifu. Jumuiya ya Ndugu iliyoanza Schwarzenau, Ujerumani, mwaka 1708 iliunganisha tendo hili na karamu ya upendo. Waadventista wa Sabato nao huoshana miguu kabla ya Meza ya Bwana, na desturi hiyo iko Tanzania tangu wamisionari wao walipofika Upare mwaka 1903. Waumini hukaa wawili wawili, kwa kawaida wanaume na wanaume, wanawake na wanawake, na kila mmoja huosha na kuoshwa. Hakuna anayebaki mtazamaji.

Kanisa Katoliki lilipitia njia nyingine. Matengenezo ya ibada ya Juma Kuu chini ya Papa Pio wa XII, mwaka 1955, yaliruhusu tendo hili liingizwe katika Misa ya jioni ya Alhamisi Kuu, hivyo likaonekana parokiani na si katika makanisa makuu na nyumba za watawa pekee. Kanuni ilitaja wanaume. Tarehe 28 Machi 2013, Papa Fransisko aliosha miguu ya vijana kumi na wawili katika gereza la watoto la Casal del Marmo, Roma. Kati yao walikuwamo wasichana wawili, mmoja wao Mwislamu. Dekrii ya tarehe 6 Januari 2016 ilibadilisha kanuni ili wanaooshwa wachaguliwe kutoka katika makundi yote ya watu wa Mungu. Badiliko hilo linaunga mkono hoja ya makala haya: maji na beseni havikubadilishwa, bali orodha ya wanaoweza kuoshwa. Maana ilibadilika kwa sababu uhusiano ulibadilika. Hata hivyo, mwelekeo wa tendo ulibaki uleule, kutoka kwa kasisi kwenda kwa waumini.

8.0 Hitimisho

Mapokeo haya mawili hayakuachana kama mara nyingi inavyodhaniwa, kwamba Uyahudi ulibaki na usafi wa nje na Ukristo ukachukua unyenyekevu wa moyo. Mekilta ilikwisha kutambua kwamba tendo moja linaweza kuwa udhalilishaji au heshima kulingana na hiari ya mtendaji, na simulizi ya Rabi Ishmaeli ilikwisha kufundisha kwamba kupokea ni kazi ngumu sawa na kutoa. Injili ya Yohana iliongeza wajibu wa kutendana, na historia ya Kanisa kwa sehemu kubwa ni historia ya kuukwepa wajibu huo na kuurudia.

Kwa hiyo, kigezo cha kuipima ibada hii si kina cha kuinama kwa anayeosha. Kigezo ni kama mwenye beseni naye yuko tayari kuvua viatu, na kama wale ambao kuosha ni kazi yao ya kila siku, majumbani na hospitalini, bila taulo ya sherehe, wanapata zamu ya kukaa kwenye kiti.